Karafuu za Bibi na Safari ya Indonesia: Historia Iliyojificha Kwenye Sahani

Kitu cha kwanza kutuchanganya Jakarta kilikuwa neno moja tu: nasi.

Mama kafungua menyu, kila mstari nasi. Nasi goreng, nasi uduk, nasi Padang. Akamgeukia mhudumu, na Kiingereza chake cha taratibu, akamwambia, "Samahani kaka, nazi mimi inanisumbua tumbo, naomba wali mtupu." Kijana akatabasamu, akaitikia kwa heshima, akaondoka akiwa hajaelewa kitu. Kumbe kwa Kiindonesia nasi ndiyo wali wenyewe! Nazi wanaiita kelapa. Na ukitaka uchanganyikiwe zaidi, nasi uduk ni wali uliopikwa kwa tui la nazi. Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa na juisi.

Tulikuwa watano: Bibi, Baba, Mama, mdogo wangu na mimi. Ilikuwa mwezi wa saba, na kule muda huo ni kiangazi, mvua hakuna. Watu mtaani walituuliza sana, "Kwa nini msiende Dubai kama wenzenu?" Jibu alikuwa nalo Bibi.

Bibi kazaliwa Pemba, kakulia kwenye mikarafuu. Amechuma karafuu tangu msichana mdogo, akachambua, akaanika juani kwenye majamvi. Enzi hizo walikuwa wanaambiwa karafuu zao nyingi zinakwenda Indonesia. Swali likabaki kichwani mwake zaidi ya miaka 50: wanazifanyia nini karafuu zote zile? Baba alipostaafu akasema mama yake atakwenda kupata jibu kwa macho yake.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo kwenye ndege hakuna aliyelitaja. Wiki tatu kabla ya safari alijitokeza mtu anayetaka kununua shamba la Pemba. Baba na baba zangu wadogo walikuwa wameshaanza kuelekea kukubali. Bibi alipoulizwa, alikaa kimya.

Sahani kumi na tano mezani, na hukuagiza hata moja

Ukienda Indonesia, usiondoke bila kuingia kwenye mgahawa wa nasi Padang. Unakaa tu. Hujaagiza kitu, mhudumu anakuja na sahani zimepangana mkononi mpaka karibu na bega, anazishusha zote mezani kwako. Kuku, samaki, mayai, majani ya muhogo ya tui, maini, sambal nyekundu. Unakula unachotaka, unalipia ulichogusa tu. Mdogo wangu hakuisikia hiyo sehemu ya pili. Bili ilipokuja Baba aliisoma mara mbili.

Mfalme wa meza ile ni rendang: nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa tui, mchaichai, tangawizi, pilipili na viungo vingine, saa nyingi, moto mdogo, mpaka tui lote linakauka na nyama inageuka ya kahawia iliyokolea. Ni chakula cha Waminangkabau, watu wa Sumatra Magharibi. Hawa ni Waislamu, lakini mali ya ukoo, yaani nyumba na mashamba, inapita kwa wanawake: mama kwenda kwa binti. Vijana wa kiume wana desturi ya kwenda kutafuta maisha mbali, wenyewe wanaita merantau. Sasa fikiria safari ya wiki kadhaa zama hizo bila friji. Rendang iliyokauka vizuri inakaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo mama alikuwa anamfungia mwanawe chakula cha njiani. Na hao vijana waliotawanyika ndio waliofungua migahawa ya Padang karibu kila mji wa nchi ile.

Bibi alipoambiwa habari ya mashamba kurithiwa na mabinti, alimtazama Baba, akachukua kipande kingine cha nyama. Hakusema neno.

Hata ile pilipili ina kwao, na kwao si Indonesia. Pilipili asili yake ni Amerika, ilifika Asia baada ya Wareno na Wahispania kuanza kuzunguka dunia karne ya 16. Kabla ya hapo ukali wa chakula ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi. Leo mwambie Mwindonesia ale bila sambal uone! Wali wa kukaanga nao, nasi goreng, una mkono wa Wachina ndani yake, na ile sosi ya soya nyeusi yenye utamu inayoupa rangi ilizaliwa hapohapo Java, soya ya Kichina ilipokutana na sukari ya mnazi.

Wadachi nao walipokuwa watawala waliupenda huo mtindo wa sahani nyingi, wakautengenezea toleo lao. Wakaliita rijsttafel, maana yake meza ya wali. Bwana mkubwa anakaa, watumishi wenyeji wanapita kwa mstari, kila mmoja na sahani yake. Ilikuwa namna ya kuonyesha nani ameishika nchi. Uhuru ulipotangazwa tarehe 17 Agosti 1945, mtindo ule ukapoteza nafasi kwa wenyeji. Chakula kilibaki, paredi ya watumishi ikaondoka.

Yogyakarta: fenesi, soya na ngalawa

Kutoka Jakarta tulipanda treni mpaka Yogyakarta, mji ambao mpaka leo una sultani na kasri lake. Pale chakula ni gudeg: fenesi changa lililopikwa na tui na sukari ya mnazi kwa saa nyingi, na majani ya mtiki ndani ili lipate wekundu. Bibi alishangaa. Pemba mafenesi yamejaa, mengine yanaozea chini ya mti. "Na sie tunasubiri liive tu," akasema.

Halafu kuna tempe. Unachemsha soya, unaondoa maganda, unatia chembechembe za kuvu wa aina maalumu, unafunga kwenye majani ya mgomba. Baada ya siku moja na nusu au mbili, kuvu ule mweupe umezishika soya zote zimekuwa tofali moja. Unakata, unakaanga. Leo wenzetu wasiokula nyama kule Ulaya na Marekani wanainunua kwa bei kubwa, lakini Java ni chakula cha mtu wa kawaida tangu zamani; tempe imetajwa kwenye Serat Centhini, kitabu cha Kijava cha mwanzoni mwa karne ya 19.

Nje kidogo ya mji ndiko liliko Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha lililojengwa karne ya 8 na 9. Ndani ya eneo lile kuna jumba la makumbusho lenye jahazi la mbao. Historia yake ni kwamba kwenye kuta za hekalu kumechongwa picha za meli za zamani, watu wakatengeneza meli kama ile kwa kufuata mchoro, na mwaka 2003 wakaondoka nayo Jakarta. Wakavuka Bahari ya Hindi, wakapita Madagascar, wakaizunguka Afrika Kusini, na mwanzoni mwa 2004 wakafika Ghana.

Bibi aliisogelea ile meli, akaangalia yale magogo ya pembeni yanayoishikilia isipinduke. "Hii si ngalawa hii?"

Na yuko sahihi kabisa, aisee. Wataalamu wanasema ngalawa zetu zenye magogo pembeni zilitokana na mabaharia wa visiwa vya kule. Watu hao walivuka bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakakaa Madagascar, ndiyo maana Kimalagasi kina undugu na lugha za Borneo. Ndizi nazo asili yake ni pande hizohizo za Asia ya Kusini Mashariki. Yaani mtori wa Kilimanjaro una babu Indonesia.

Hata maneno tuligundua tunaelewana. Habari wanasema kabar. Nanasi ni nanas. Meza ni meja. Bendera ni bendera, herufi kwa herufi. Mengine tulipewa wote na Waarabu, mengine na Wareno, sisi upande huu wa bahari, wao upande ule.

Kumbe wanazivuta!

Sasa turudi kwenye swali la Bibi. Jibu lake lilikuwa linatufuata puani tangu uwanja wa ndege: harufu fulani tamu, kali kidogo, kila penye mwanamume amesimama na sigara. Mama alidhani ni udi.

Ni karafuu. Sigara zao za kienyeji zinaitwa kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu zilizokatwakatwa. Jina limetokana na mlio: zikiungua zinalia kretek-kretek. Zilianzia mji wa Kudus, Java ya Kati, mwishoni mwa karne ya 19, zikawa biashara kubwa kuliko karafuu walizokuwa nazo. Ndiyo maana mpaka miaka ya 1970 Indonesia ilikuwa mteja mkubwa wa karafuu za Zanzibar.

Bibi alipoelezwa, alinyamaza kwanza. "Yaani tupande mti mrefu vile, tawi likivunjika unakufa, mtu akavute sigara?" Halafu akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka 50 anajiuliza!

Lakini kuna sehemu ya habari hii isiyochekesha. Serikali ya Indonesia iliona kununua nje ni gharama, ikahimiza watu wake wapande mikarafuu kwa wingi. Ilipofika miaka ya 1980 walikuwa karibu wanajitosheleza. Mteja mkubwa akaondoka sokoni, bei ikaporomoka. Bibi aliukumbuka mwaka ambao Babu alirudi nyumbani akakaa barazani bila kula. Hakuna aliyewaeleza kwa nini. Walijua tu bei imeanguka.

Ternate: mkarafuu ulikotoka

Kituo cha mwisho kilitugharimu zaidi, ndege nyingine tena kwenda mashariki, kisiwa cha Ternate, Maluku. Ni mlima wa volkano umesimama katikati ya bahari, unaitwa Gamalama, na watu wanaishi kuuzunguka chini. Ukisimama ufukweni unaona visiwa vya Maitara na Tidore kwa mbele. Mandhari hiyo iliwekwa kwenye noti ya rupia 1,000, kwa hiyo kila mgeni anapiga picha ameinyanyua noti kuilinganisha na milima. Na sisi tulipiga, msitucheke.

Miaka elfu mbili iliyopita, mikarafuu yote duniani ilikuwa hapa na kwenye visiwa vichache jirani: Tidore, Moti, Makian, Bacan. Basi. Maofisa wa China enzi za utawala wa Han walikuwa wanaweka karafuu mdomoni wasije wakamnukia vibaya mfalme wakizungumza naye. Karafuu hizo zilitoka huku, kwa mashua, mkono hadi mkono.

Wareno wakafika 1512, mwaka mmoja baada ya kuiteka Malaka. Wakajenga ngome, wakataka biashara yote iwe yao. Mwaka 1570 wakamuua Sultan Hairun wa Ternate waliyekuwa wamemwita kwenye ngome kwa mazungumzo ya amani. Mwanawe, Sultan Baabullah, akaizingira ngome ile kwa miaka mitano. Mwaka 1575 Wareno wakasalimu amri, wakaondoka. Uwanja wa ndege tulioshukia una jina lake.

Furaha haikudumu. Mwaka 1602 Wadachi waliunda kampuni yao ya biashara, VOC, yenye ruhusa ya kumiliki jeshi, kujenga ngome na kupigana vita. Upande wa kusini wa Ternate kuna visiwa vidogo vya Banda, vilivyokuwa chimbuko la kungumanga. Wabanda walitaka kumuuzia yeyote anayelipa vizuri. Mwaka 1621 gavana wa VOC, Jan Pieterszoon Coen, akaenda na jeshi. Inakadiriwa Banda ilikuwa na watu wapatao 15,000. Walipomaliza kuua, kuwauza utumwani na kuwafukuza, walibaki kama 1,000. Mashamba wakapewa Wadachi, na watumwa wakaletwa kuyalima. Kwa ajili ya kungumanga, ile tunayokuna kwenye keki.

Kisiwa kimoja cha Banda kinaitwa Run. Waingereza walikuwa wanakidai. Mwaka 1667, kwenye mkataba wa Breda, wakakubali kibaki kwa Wadachi, na wao wakabaki na kisiwa walichokuwa wamekinyakua Amerika. Kinaitwa Manhattan.

Na karafuu? VOC waliona wingi wa karafuu unashusha bei, kwa hiyo wakaamua zilimwe Ambon na visiwa vya jirani tu, ambako wanaweza kulinda. Mwaka 1652 wakamfanya Sultan wa Ternate asaini mkataba: yeye analipwa pesa kila mwaka, mikarafuu ya watu wake inakatwa. Mashua za doria zikawa zinazunguka visiwani kutafuta miti iliyobaki, na wapiga makasia walikuwa wenyeji haohao, kwa kulazimishwa. Watu walilazimishwa kuwapeleka wakataji kwenye miti ya wenzao.

Hata hivyo haikukatwa yote. Mlimani Gamalama ilibaki, na watu wa Ternate wanaitaja mikarafuu mikongwe ya kule kama unavyomtaja mzee wa ukoo.

Bibi na bibi mwenzie

Njiani kutoka ngomeni, Bibi akamwambia dereva, kwa Kiswahili, "Simama hapo baba." Dereva akasimama! Pembeni ya barabara palikuwa na turubai limeanikwa karafuu, nyingine bado kijani na pinki, nyingine zimeshakuwa nyekundu ya kutu. Bibi mmoja wa pale alikuwa amekaa anachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule.

Bibi yangu akavua kandambili, akakaa chini, akachukua kishada, akaanza. Kiganja kimoja kinashika, kingine kinasugua, karafuu zinaanguka. Yule mwenyeji akamtazama mikono, si uso. Kisha akasogea kumpa nafasi zaidi. Walikaa pale karibu saa nzima, hakuna anayejua lugha ya mwenzie.

Tukaalikwa chakula. Papeda, ugali laini wa sagu, unga unaotolewa ndani ya shina la mti wa jamii ya mnazi. Unauzungusha kwa vijiti kama gundi, unautia kwenye mchuzi wa samaki wa manjano, unaumeza bila kutafuna. Mdogo wangu alishindwa, Bibi akamaliza bakuli. Mama akauliza mbona karafuu haimo kwenye mchuzi. Mjukuu wa pale, aliyetutafsiria, akasema wao wanazichuma kuuza, jikoni hawazitumii sana.

Naye ndiye aliyemweleza Bibi habari ya miti kukatwa. Na sisi tukamweleza yaliyofuata, ambayo hakuyajua yote: kwamba karibu mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuiba miche na mbegu za karafuu, zikapandwa Mauritius. Mwanzoni mwa karne ya 19 zikafika Zanzibar. Sultan Sayyid Said akaamuru zipandwe kwa wingi, na kazi ya mashamba yale ikafanywa na watumwa kutoka bara. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Utumwa wa kisheria ukaisha Zanzibar mwaka 1897. Ukihesabu vizazi, si mbali. Mti wa Ternate ulipoondoka kwao, ulikwenda na mateso yake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Baba, mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani kulitaja lile jambo.

"Wenzetu walikatiwa kwa panga na bunduki. Sie tunataka kuondoka wenyewe."

Baba hakujibu. Usiku ule kwenye grupu la familia aliandika mstari mmoja: shamba haliuzwi mwaka huu. Baba mdogo mmoja akauliza, "Na mwakani?" Mpaka leo hajajibiwa.

Kiukweli sijui itaishaje. Mikarafuu yetu mingi imezeeka, wachumaji ni wachache, na sisi wajukuu tuko mjini na simu zetu. Bibi ile noti ya rupia 1,000 kaifunga kwenye pindo la kanga, hataki kuibadilisha. Juzi nilimpelekea chai yenye karafuu mbili ndani kama anavyopenda, akainusa, akaniangalia.

"Mie nshapanda zangu," akasema. "Nyinyi je?"